Karatasi ya tatu

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Mvumi, hapa Kilosa, hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Nimesimama kwenye foleni hiyo mara za kutosha kuona ipi hushikwa kwa makini na ipi hutiwa alama upesi upesi, mguu mmoja ukiwa umeshaelekea nje. Karatasi ya diwani ndiyo iliyo karibu zaidi na gunia la mpunga, ushuru wa mnada na darasa lisilo na madawati, lakini ndiyo hupewa muda mfupi kuliko zote. Simlaumu mpiga kura. Kosa liko kwenye fundo. Tumeifunga kura ndogo pamoja na kura kubwa, na kura zikifungwa pamoja mtu hukosa nafasi ya kumpima mgombea mmoja mmoja. Fundo hili si la jana. Lilipita kwetu mwaka 1958, wakati Kilosa ikiwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Tanganyika, na tusipoelewa namna lilivyofungwa hatutajua pa kulifungulia.

Tangu miaka ya 1920 Mwingereza alitawala vijijini kupitia machifu. Chifu alikusanya kodi, aliamua kesi, alitoa amri za kilimo, na jibu lake lilikwenda kwa bwana shauri wa wilaya, halikurudi kwa mkulima. Mwaka 1953, chini ya Gavana Edward Twining, ikatungwa sheria ya serikali za mitaa iliyoruhusu kuundwa mabaraza ya kisasa. Kwa maneno ilikuwa hatua ya kwenda kwenye uwakilishi, lakini ndani yake mlikuwa na kanuni ambayo Twining aliipenda mno: madaraka yagawanywe kwa mataifa matatu, yaani Waafrika, Waasia na Wazungu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1955 kanuni hiyo ilitoa viti 10 kwa kila kundi upande wa wawakilishi. Wazungu nchi nzima walikuwa kama 20,000 tu, na Waafrika walipita milioni 8.

Kwa Kilosa hili halikuwa jambo la kusomwa gazetini. Reli ya Kati ilikuwa imeshaleta mashamba ya mkonge Kimamba na kando yake, na pamoja nayo mameneja wa Kizungu, wenye maduka wa Kiasia, na maelfu ya vibarua waliohesabiwa kazi kwenye kipande. Ukisema “baraza la mataifa matatu” mahali kama hapa, umesema kwamba mwenye shamba la mkonge, mwenye duka na umati wa wakata mkonge wana uzito sawa mezani. Kila mtu aliona nani anaongezewa uzito na nani anapunguziwa.

Kisha kukaja uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Jimbo la Mashariki lilikuwa katika awamu ya kwanza. Ndio uchaguzi wazee wanaouita wa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja kwa kila taifa, na mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Muasia na Mzungu. Ukimchagua Mwafrika peke yake na kuacha nafasi mbili wazi, karatasi yako yote iliharibika. Hata kuifikia karatasi hiyo kulikuwa na mlango mwembamba: uwe na umri wa miaka 21, na uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Karani wa reli alipita. Mwalimu wa shule ya misheni alipita. Mkata mkonge wa Kimamba, aliyeujua uchungu wa utawala kuliko wote, alibaki nje na panga lake. Nchi nzima waliojiandikisha hawakufika 60,000.

TANU, chama kilichodai uhuru, ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua kama ishiriki au isusie. Mwalimu Nyerere alitetea kushiriki, mkutano ukamfuata, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake. Sina shaka kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ninachotaka tukitazame ni jinsi ushindi ulivyopatikana. TANU wakati ule ilikuwa ya Waafrika peke yao, kwa hiyo ilitafuta Waasia na Wazungu wa kuungwa mkono, watu kama Sophia Mustafa na Derek Bryceson kule Kaskazini au Lady Chesham wa Nyanda za Juu Kusini, kisha ikapeleka majina kwa wanachama: huyu, na huyu, na huyu. Katika jimbo letu Nyerere mwenyewe alisimama kwa kiti cha Mwafrika dhidi ya Patrick Kunambi, aliyetoka katika utawala wa kichifu wa Waluguru, akashinda kwa kura kama 2,600 kwa 800. Nchi nzima orodha za TANU zilifagia.

Fikiria sasa mpiga kura wa Kilosa aliyetia alama tatu siku ile. Alama ya kwanza aliitia kwa moyo wake wote, maana alikumbuka ghasia za Matombo, Uluguru, za Julai 1955, watu walipokataa amri ya kuchimba matuta ya ngazi na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Alama ya pili na ya tatu alizitia kwa sababu ameambiwa. Hakuwa na njia ya kumuuliza Mzungu yule amewahi kulipa vibarua wake kwa wakati au vipi. Alimhitaji ili karatasi yake isitupwe. Mkoloni alifunga kura ili Mwafrika apunguziwe nguvu. TANU ikalijibu fundo kwa fundo, ikashinda. Ilikuwa mbinu ya vita na ilifaa vitani. Shida ni kwamba tabia ya kutia alama kwa orodha ilibaki nasi baada ya vita kwisha, na hakuna mahali ilipokita mizizi kama kwenye udiwani.

Kando ya Ziwa Victoria, mwaka ule ule wa 1958, wananchi walilifungua fundo kwa miguu. Geita iliwekewa baraza la wilaya la mataifa matatu. Watu hawakulitaka. Hawakuulizwa, na wengi waliliona kama mlango wa kuingiza amri zile zile za mifugo na kilimo walizozikataa kwa machifu. TANU ilikuwa imenyimwa usajili Usukuma tangu 1954, kwa hiyo hakukuwa na ofisi ya chama ya kupeleka malalamiko. Maelfu waliondoka Geita kwenda Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo, wakapiga kambi, wakatawanywa na polisi. Ubishi ukaendelea hadi serikali ikaachana na mpango wa kulazimisha mabaraza ya namna ile. Nairudia habari ya Geita kila ninapofundisha madiwani wapya, kwa sababu inaondoa dhana moja iliyozagaa, kwamba mambo ya halmashauri ni ya kitaalamu na mwanakijiji hayajali. Watu wa Geita walilijali baraza la wilaya kiasi cha kulilalia nje kwa siku kadhaa. Walijua kwamba atakayekaa kwenye kiti kile atagusa ng'ombe wao.

Dar es Salaam ilikwenda kwa mwendo mwingine. Ilifanywa manispaa mwaka 1949, na madiwani wake wa mwanzo waliteuliwa. Mwaka 1960 mji ukapata meya wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na mimi hupenda kuwaza mtu aliyewafundisha Waswahili kuhesabu mizani akikaa mezani kuhesabu mabomba na mitaro ya Kariakoo. Uzito wa tukio lile ulikuwa kwamba meya alitoka kwa watu wanaotembea kwenye mitaa yenyewe. Mji ulipopata uhuru wa kuchagua, uliuliza maswali ya mji.

Huko Uskochi, miaka hiyo hiyo, walikuwa na utaratibu ambao ningependa tuujue. Jiji la Glasgow lilikuwa na kata 37, kila kata madiwani watatu, na kila mwaka mmoja kati ya watatu hao alimaliza muda wake na kurudi kwa wapiga kura. Kila Mei theluthi moja ya baraza iliwekwa kwenye mizani. Hawakuwa malaika. Hadi Vita Kuu ya Pili, kura ya baraza la mji kule ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji mkuu na mwenzi wake, na vijana wanaoishi kwa wazazi waliachwa nje. Vyama navyo vilitawala: Labour upande mmoja, na upande wa pili watu waliojiita Progressives, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa Wahafidhina waliovaa joho la mji. Lakini ugomvi wa kila Mei ulikuwa juu ya kodi za nyumba za baraza, juu ya ujenzi wa nyumba mpya, juu ya mabasi na tramu. Siku hiyo hapakuwa na waziri mkuu kwenye karatasi. Baraza lilijibu kwa mambo ya baraza. Toka 2007 Waskochi wamekwenda mbali zaidi: kata nyingi zina madiwani watatu au wanne, na mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hivyo anaweza kumtenga mgombea mbovu wa chama chake bila kukihama chama.

Kwetu, baada ya Uhuru, machifu waliondolewa mwaka 1963 na mabaraza ya wilaya yakashika nafasi yao. Yalidumu karibu muongo mmoja. Mwaka 1972 yalifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya miji yakafuata mwaka uliofuatia. Jina la mpango lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Ukweli ni kwamba maofisa wa wizara walihamia mikoani wakiwa na madaraka yao. Mabaraza ya miji yalirudishwa 1978 na halmashauri za wilaya kwa sheria za 1982 zilizoanza kazi 1984. Mwaka huo Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Hayo maungamo ni makubwa, na hatujayafanyia kazi ipasavyo. Kizazi kizima kilikua bila kujua diwani ni nani. Halmashauri zilipofufuka zilimkuta mwananchi ameshazoea kupeleka shida yake kwa mkuu wa wilaya na kwa chama.

Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 diwani amekuwa akichaguliwa siku moja na rais na mbunge. Hapo ndipo kura tatu za 1958 zilipozaliwa upya bila mtu kukusudia. Hakuna sheria inayokulazimisha uchague chama kimoja kwenye karatasi zote, lakini kampeni hufanya kazi ile ile: bendera moja, nyimbo moja, picha ya mgombea urais juu ya kila bango, na mgombea udiwani ananyanyuliwa mkono jukwaani kwa dakika moja kabla msafara haujaondoka. Kipimo chake halisi kimeshafanyika nyuma, kwenye kura za maoni za chama, mbele ya wajumbe. Na kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, mkulima hodari anayeaminiwa na kata nzima hana mlango kama hana chama. Mahakama Kuu ilikubali hoja ya marehemu Mchungaji Christopher Mtikila mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaikataa 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema nchi yetu imekiuka haki. Kuhusu urais na ubunge watu wamebishana sana juu ya hukumu hizo. Kuhusu udiwani hawabishani, ingawa huku ndiko mgombea binafsi angefaa kuliko kokote.

Kuna wanaoniambia, “Mwalimu, diwani hana nguvu, tumchague yeyote.” Nusu ya usemi huo ni kweli, na inafaa tuseme ipi. Mambo mawili yanayolalamikiwa zaidi kwenye mikutano ya kata ni barabara na maji. Barabara za vijijini ziliondolewa kwenye halmashauri mwaka 2017 na kupewa TARURA. Maji vijijini yakaenda RUWASA mwaka 2019. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na madiwani hawawezi kumwondoa wao wenyewe. Kwa hiyo diwani anapigiwa kelele kwa vitu asivyovishika, naye badala ya kusema ukweli anaahidi kwenye kampeni kwamba atachonga barabara. Ahadi hiyo ni ya uongo tangu siku ya kwanza, na ninawaomba wagombea waiache.

Nusu ya pili si kweli kabisa. Baraza la madiwani hupitisha bajeti na sheria ndogo. Huamua ada na ushuru wa masoko na minada ndani ya mipaka ya sheria ya fedha ya 1982, na husimamia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walimu wa shule za msingi, zahanati, maofisa ugani, vyote viko chini ya halmashauri. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, ambako mipango ya vijiji huunganishwa kabla ya kupanda wilayani. Shule ikikosa choo, hapo ndipo pa kuanzia, na mwenye kiti ni yeye.

Kisha kuna ardhi. Hapa Kilosa sitazunguka. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Migogoro ya mipaka ya vijiji imerudi tena na tena upande huu wa wilaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji sauti ya mwisho juu ya ugawaji wake, lakini mipango ya matumizi ya ardhi inayovuka kijiji kimoja inahitaji halmashauri ya wilaya iliyo tayari kuwakalisha watu chini kabla mapanga na mikuki havijatoka. Diwani mzuri katika kata ya wakulima na wafugaji ni kinga. Diwani aliyeingia kwa kupeperushwa na bendera, asiyejua ng'ombe hupita wapi wakati wa kiangazi, ni hatari. Ndiyo maana suala hili linaniuma, sijifichi.

Dawa ya kwanza haihitaji fedha mpya. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji tayari tunawachagua siku tofauti, kama tulivyofanya Novemba 27, 2024, karibu mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Kura ya diwani ihamie siku hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na diwani ni ngazi za jengo moja, na wapigiwe kura mazungumzo yakiwa ya mifereji na minada. Wanaosema watu hawatajitokeza bila urais kwenye karatasi wana hoja, na Uskochi nako mahudhurio ya uchaguzi wa mitaa huwa chini ya yale ya bunge. Mimi naona afadhali wachache waliokuja kwa ajili ya diwani kuliko wengi waliompitia tu njiani.

Lakini kuhamisha siku bila kubadilisha msimamizi kutaharibu kila kitu. Uchaguzi wa vijiji umekuwa ukisimamiwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, na mwaka 2019 na tena 2024 malalamiko ya wagombea wa upinzani kuenguliwa kwa kasoro za fomu yalisikika karibu kila mkoa. Ngazi zote hizi ziwe chini ya Tume ya Uchaguzi. Na fomu ya mgombea udiwani iwe nyepesi kiasi cha mkulima aliyeishia darasa la saba kuijaza bila hofu kwamba herufi moja itamwondoa. Mwaka 1958 tulipimwa kwa pauni 150 na darasa la nane. Tusimpime mtu leo kwa jina la katikati lililokosewa.

Ya pili ni ya Glasgow, ingawa najua itachukua muda: kugawa baraza ili sehemu yake irudi kwa wananchi katikati ya kipindi. Miaka mitano bila kuulizwa ni mirefu mno kwa mtu anayesimamia minada.

Ya tatu iko mikononi mwetu sasa hivi, haingojei sheria. Kwenye mikutano ya kata na ya vijiji, mgombea au diwani aliyepo aulizwe mambo manne: mwaka jana kata yetu ilichangia nini kwenye mapato ya ndani, ilirudishiwa nini, ulisema nini kwenye kikao cha bajeti, na ni sheria ndogo ipi uliyoipinga au kuiunga mkono. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo pale ofisi ya mtendaji. Nimeona diwani akijibu maswali hayo manne bila karatasi, akitaja hata magunia, na nimeona mwingine akiomba maji ya kunywa. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, na siku ya kura orodha isingewatofautisha.

Uchaguzi ujao wa vijiji, kwa kalenda ya sasa, ni 2029. Muda upo wa Bunge kubadilisha sheria ili siku hiyo, kwenye meza ya kituo cha Mvumi, karatasi ya diwani iwe pale pamoja na ya mwenyekiti wa kijiji, bila picha ya mtu mwingine yeyote juu yake.